Ufa wa Nabiswa

Kivuva, keyateka aliyetunza ploti ya nyumba za kupanga ya Mzee Mureithi mtaani Tassia, alipanda ghorofa ya nne asubuhi ya Jumatatu kuwaarifu wapangaji kwamba maji yangefungwa hadi Jumatano. Desturi yake ilikuwa kusemea mlangoni na kwenda zake. Siku hiyo Millicent wa nyumba 4B alikuwa ameacha mlango wazi ili harufu ya vitunguu itoke, na Kivuva akauona ukuta wa sebule. Maneno yakamkatikia kinywani. Akavua viatu, akaingia bila kukaribishwa, akasimama mbele ya ukuta na kofia mkononi kama mtu aliyefika kutoa rambirambi.

"Mama Mitchelle," akasema kwa sauti ya chini, "haya maji yameanza kuvuja lini?"

Millicent akamwambia hakuna kinachovuja. Hiyo ilikuwa picha. Baba Mitchelle ndiye aliyeichora.

Kivuva akamtazama kwa huruma, jinsi anavyotazamwa mgonjwa anayesema hajambo. Na kusema haki, ukuta wenyewe ulionekana umelowa. Kijivu kilianzia karibu na sakafu, kizito kama mawingu ya Aprili, kikapanda huku kikififia hadi kikawa si rangi tena bali pumzi. Juu yake, kutoka kona ya mlango hadi karibu na dirisha, ulipita mstari mmoja mweusi, mnene hapa, mwembamba pale, ukikatika na kuendelea kadiri brashi ilivyokauka. Mahali pengine pote palikuwa peupe, hapana kitu.

Kivuva aliweka kiganja ukutani. Pakavu. Hilo halikumtuliza hata kidogo.

"Maji mabaya ni yale yanayotembea ndani kwa ndani," akasema. Akavaa viatu vyake, akapanda ghorofa ya tano kubisha kwa Warigia.

Warigia aliuza nguo za watoto za mitumba kule Pipeline, na wakati huo hakuwa nyumbani, basi Kivuva akafungua kwa ufunguo wake wa akiba. Aliporudi saa nane alimkuta fundi wa mabomba amepiga magoti bafuni mwake, sakafu imechimbwa shimo la ukubwa wa karai, na vumbi limetanda hadi juu ya kitanda. Bomba lilikuwa kavu kabisa. Warigia alisema ni lazima liwe kavu, maana Kivuva mwenyewe amefunga maji tangu asubuhi. Kivuva akajibu kwamba hiyo ndiyo sababu mvujo hauonekani, na kwamba mtu mwenye hatia huwa haishi kutafuta sababu.

Warigia akashuka kwa hasira hadi kwa Millicent kuyaona hayo maji aliyosingiziwa. Alisimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni. Baada ya muda mikono ikaachia kiuno. Akavuta kigoda, akakaa.

"Sasa hii," akauliza, "hata ng'ombe hakuna?"

Swali hilo Millicent alikuwa amewahi kujiuliza mwenyewe.

Mumewe, Nabiswa, alijulikana kote Tassia kwa ng'ombe. Ng'ombe waliocheka kwenye mabucha, wanawake wenye nywele za kupendeza kwenye milango ya saluni, sahani za chipsi zinazofuka moshi: vyote vilikuwa kazi ya mkono wake, hadi mabango ya kuchapishwa yalipokuja na wenye maduka wakaacha kumwita. Watu hawakujua kwamba alipokuwa kijana katika chuo cha ufundi kule Bungoma, mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Japani, mama aliyeitwa Sachiko, alifundisha ushonaji siku za kazi, na Jumamosi akawafundisha wale waliotaka kuchora kwa wino kama walivyochora wazee wa kwao. Waliobaki hadi mwisho walikuwa wawili, na mmoja wao alibaki kwa ajili ya biskuti. Mwalimu Sachiko alimwambia Nabiswa kwamba mstari ukishatoka mkononi haurekebishwi, na kwamba pale unapoacha bila kuchora ndipo mtazamaji anapopata pa kuvutia pumzi.

Miaka ishirini baadaye, kazi zilipokwisha, Nabiswa akarudi kwenye wino ule. Aliutengeneza mwenyewe. Millicent alikuwa mfungaji wa mishumaa katika kiwanda cha Industrial Area, na mishumaa iliyovunjika wafanyakazi waliruhusiwa kuichukua. Nabiswa aliiwasha chini ya kifuniko cha sufuria, akakusanya masizi kwa unyoya, akayachanganya na gundi ya seremala. Alichora kwenye karatasi za kufungia nyama hadi zikaisha. Kisha akamwomba mkewe ruhusa ya ukuta.

Millicent alikubali kwa kuwa ukuta ulihitaji rangi hata hivyo. Picha ilipokamilika, alingoja wiki nzima aone mumewe ataongeza nini. Hakuongeza. Halafu jioni moja alirudi kutoka kazini, nyayo zinamwaka moto kwa kusimama, akakaa na kikombe cha chai akitazama pale palipoachwa peupe. Aliposhtuka, chai ilikuwa imepoa. Hakumwambia Nabiswa. Mambo mengine ukiyasema mume anaacha kabisa kutafuta kazi.

*

Mzee Mureithi alifika Jumanne. Ploti yake aliruhusiwa kuijenga ghorofa nne, akajenga sita, na tangu siku ile hakupenda kusikia neno ufa hata likitajwa juu ya kikombe. Alipoingia hakujali kijivu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ule mstari mweusi, akaufuata kwa macho kutoka mlangoni hadi dirishani, uso wake ukibadilika rangi.

Nabiswa alikuwapo safari hii. Akamweleza taratibu kwamba ule ni ukingo wa mlima, na kwamba aliuchora kwa brashi moja kwa mkupuo mmoja. Mureithi akamwomba azungumze kwa sauti ya chini. Akafunga mlango.

"Fundi, mimi sina shida na mlima," akasema. "Shida yangu ni mtu akiuona. Nitakuletea debe la rangi nyeupe. Pengine nikuletee mawili."

Nabiswa akasema atafikiria. Alikuwa mtu mpole, na kwa watu wapole neno hilo maana yake ni hapana. Lakini Mureithi alikuwa amechelewa. Fundi wa mabomba, aliyekuja kuutazama ukuta kwa upande wa chini, alikuwa ameupiga picha kwa simu ili amwonyeshe bosi wake, na picha ile ikaingia kwenye kundi la wapangaji ikiwa na maneno: *Ploti yetu inapasuka, tazameni 4B.* Katika simu, kijivu kilikuwa cheusi zaidi na mstari ulionekana kama pengo ambalo mtu angepenyeza mkono.

Kufikia saa saba mchana watu walikuwa wameanza kushusha magodoro. Walipita mbele ya mlango wa Millicent wakichungulia ndani, wengine wakijikunja mabega kana kwamba dari ingewaangukia hapo hapo. Mama mmoja wa ghorofa ya sita alimlaumu Millicent kwa kuishi na ufa mkubwa hivyo bila kuwaambia wenzake. Millicent akamwomba aingie aguse. Mama akasema yeye ana watoto wanne, hawezi kugusa vitu.

*

Mkaguzi wa majengo aliitwa Kahin. Alikuja Jumatano na faili, utepe wa kupimia na kijana mwenye mkebe wa rangi nyekundu. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye adabu, asiyeinua sauti. Alipanda kwenye kiti cha Millicent baada ya kukitandikia gazeti, akapima ule mstari, akasoma vipimo kwa utulivu: mita nne na sentimita kumi, upana kuanzia milimita mbili hadi arobaini.

Nabiswa akamweleza tena. Akamwonyesha brashi. Akamwonyesha kikopo cha wino na kifuniko cha sufuria chenye masizi. Kahin alisikiliza bila kumkatiza.

"Ni picha ya nini?" akauliza.

"Ya Mlima Elgon, asubuhi."

"Mlima uko wapi?"

"Uko nyuma ya ukungu."

Kahin akatazama ukuta kwa muda mrefu. Millicent, aliyekuwa amesimama karibu na jiko, alidhani ameelewa. Kisha akainama, akaandika, na Millicent akayasoma maneno juu ya bega lake: *Mpangaji anakiri kwamba kuna kitu kikubwa nyuma ya ukuta.*

Alimwambia mkaguzi kwamba mume wake hakusema hivyo. Kahin akajibu kwa upole kwamba anajitahidi. Akawaonyesha fomu. Kulikuwa na nafasi ya ufa wa msingi, ufa wa nguzo, ufa wa boriti na ufa wa ukuta. Nafasi ya mlima haikuwapo. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka kumi na minne, na katika muda huo amewahi kuzika watu waliomwambia kwamba ufa si kitu. Aliposema hivyo aliukunja utepe wake mara mbili, na Millicent akashindwa kumchukia.

Waliposhuka, yule kijana alichora alama kubwa ya X nyekundu kwenye ukuta wa mbele, karibu na lango. Rangi ilichuruzika. Nabiswa alisimama akiitazama kwa jicho la fundi, akasema mkono wa kijana ule haukuwa mbaya ila angepunguza mafuta. Millicent akamwomba anyamaze. Ploti nzima, nyumba arobaini na moja, ilipewa siku saba za kuhama.

*

Alhamisi wapangaji walikutana uani, kwenye kamba za nguo. Millicent, ambaye likizo yake ilikwisha Jumatano, aliomba ruhusa kazini na kukatwa ujira wa siku. Alitegemea kwamba Warigia, mwenye shimo bafuni, ndiye atakayewashambulia kwanza, lakini Warigia aliketi pembeni akibandua rangi ya kucha zake. Walioongea ni wale ambao hawakuwahi kuingia 4B. Mmoja alisema mwanamume mzima hawezi kukaa nyumbani akichora unyevu huku mkewe anabeba mishumaa. Mwingine akauliza kama ilikuwa lazima achore kitu kinachofanana na msiba, Kenya hii ina twiga wangapi. Nabiswa alisikiliza, mikono nyuma. Walipomtaka aseme neno, alisema twiga wana shingo, na shingo inamlazimisha mtu kutazama mahali pamoja tu. Hakuna aliyeelewa. Watu wakacheka, na Millicent akahisi masikio yake yakiwaka.

Nyumbani alimwambia mumewe aifute.

"Unaiona kama wao?" Nabiswa akauliza. "Unaona maji?"

Alikuwa na nafasi ya kumwambia kuhusu ile chai. Akafikiria Mitchelle aliye darasa la saba, na shule iliyo hatua mia mbili kutoka langoni, na mahali pa kupata nyumba nyingine kwa siku sita.

"Naona X," akasema.

Nabiswa akachukua lile debe la rangi nyeupe, ambalo Mureithi alikuwa ameshalituma. Alipaka kuanzia juu, kwa uangalifu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Kijivu kiligoma mara mbili, kikajitokeza tena kwa chini. Mara ya tatu kikazama. Alipomaliza aliiosha brashi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Millicent akaenda kuketi ngazini, akaona kwamba sebule yao imekuwa ndogo.

Ijumaa asubuhi alikwenda yeye mwenyewe ofisini kwa Kahin kumwarifu kwamba ule mstari haupo tena. Alisubiri kwenye benchi hadi saa sita. Alipomsikia, Kahin alishika kichwa.

"Mama, mmefunika ufa?"

"Hatukufunika ufa. Tumefunika picha."

"Ufa unaoonekana ni hatari," Kahin akasema. "Ufa uliopakwa rangi ni hatari na tena ni kosa." Akafungua faili, akaandika mstari mwingine. Sasa jengo lilikuwa na hali mbaya zaidi kuliko Jumatano.

Millicent hakuondoka. Miaka kumi na mmoja ya kiwandani ilikuwa imemfundisha kwamba mwenye kusimama mbele ya meza kwa kimya humchosha mwenye kukaa. Kahin alinywa maji, akapanga kalamu zake, akatoka, akarudi. Hatimaye akasema kuna njia moja. Kama kweli mume wake aliuchora ule mstari, basi auchore tena, ukuta ule ule, mbele ya mashahidi na yeye akiwa na ile picha iliyopigwa kwa simu mkononi. Ukifanana, atakubali kwamba haukuwa ufa.

*

Nabiswa aliposikia alikaa kitandani. Akasema haiwezekani. Ule mstari ulikuwa wa siku ile; alikuwa amelala vizuri, mvua ilikuwa imenyesha, Mitchelle alikuwa akiimba jikoni. Mwalimu Sachiko hakuwahi kuchora mlima mmoja mara mbili. Kuunakili ingekuwa sawa na kuchora ng'ombe wa bucha.

Millicent akamwambia kwa mara ya kwanza kwamba wale ng'ombe ndio waliomsomesha Mitchelle na asiwadharau. Chakula kikapoa kabla Nabiswa hajainuka kwenda kukusanya masizi.

Jumanne ilipofika, ilikuwa siku ya sita, watu walijaa. Waliingia 4B kadiri walivyotosha na wengine wakapangana kwenye ngazi, toka ghorofa ya kwanza hadi ya tano, wakipashana habari mdomo kwa mdomo: sasa anakoroga, sasa amevua viatu. Millicent alikadiria watu themanini kwenye ngazi peke yake. Mureithi alisimama karibu na dirisha akijipangusa shingo. Kahin alishika ile picha kama mtu anayeshika hati ya shamba.

Nabiswa alianza na kijivu. Alilowesha ukuta kwa sifongo, akauacha wino ushuke wenyewe, akaufuata na kitambaa, akapuliza. Kelele za ngazini zilipungua. Hakuna aliyeagiza kimya. Kilikuja polepole, kikashuka ghorofa moja baada ya nyingine. Kivuva alikuwa amefungua kinywa. Mama wa ghorofa ya sita, yule mwenye watoto wanne, aliketi sakafuni na kumpakata mdogo wao. Kisha Nabiswa akachovya brashi pana, akavuta pumzi, na mkono wake ukapita ukutani mara moja.

Mstari ulianzia dirishani ukaishia katikati.

Kahin akatazama picha, akatazama ukuta, akatazama tena picha. Akasema haufanani. Ule wa kwanza ulitoka mlangoni. Huu umetoka upande mwingine na ni mfupi kwa zaidi ya mita.

"Ule ulikuwa wa Agosti," Nabiswa akasema. "Leo ukungu umekuwa mwingi."

Watu wakaguna. Mureithi akafumba macho. Kahin alisoma fomu yake kutoka juu hadi chini, akitafuta, na Millicent akaona midomo yake ikisema bila sauti: ufa umehama. Alijua kwamba akishaandika hivyo wamekwisha. Bila kufikiri akamshika mkaguzi kifundo cha mkono, jambo ambalo asingemfanyia hata mchungaji wake, akaubandika mkono ule ukutani juu ya mstari uliokuwa bado mbichi.

Kahin akautazama mkono wake. Vidole vinne vilikuwa vyeusi. Akavisugua pamoja, akavinusa. Vilinuka mshumaa.

"Ufa haumpaki mtu," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayesoma sheria mpya. Aliandika. Barua rasmi ingefuata.

Shangwe ikashuka ngazi kwa kishindo kilichotikisa madirisha. Mureithi, ambaye hakuwahi kumpa mpangaji hata balbu, aliagiza makreti matatu ya soda. Watu waliomcheka Nabiswa walimpiga mabega. Mmoja akamuuliza angemchorea unyevu kama ule kwa bei gani.

*

Asubuhi iliyofuata Millicent alishuka na mtungi kuchota maji. Kati ya ghorofa ya tatu na ya pili kandambili zake zilikanyaga changarawe. Aliinama akaona vipande vya plasta, na alipoinua macho akaona vilikotoka. Ulikuwa mstari mwembamba, mfupi, usio na uzuri wowote, ukipanda kando ya ngazi hadi chini ya boriti. Akaweka kidole. Kidole kiliingia hadi kifundo cha pili, na ndani akahisi upepo.

Alipanda mbio kumwita Nabiswa. Nabiswa alishuka na suruali ya kulalia, akaukaribia kwa macho, akausugua kwa kidole gumba.

"Huu si wangu," akasema.

Walikwenda kwa Kivuva. Kivuva alicheka hadi akashika mlango. Akasema safari hii hadanganyiki, Baba Mitchelle aende akaoshe ngazi za watu. Hakutoka hata kwenda kuutazama. Mureithi alipopigiwa simu alisema kwa ukali kwamba ruhusa aliyotoa ni ya kuchora ndani ya 4B peke yake. Kahin alisikiliza kwa adabu yake ile ile. Alisema faili ya ploti hiyo imefungwa jana kwa kauli ya mke wa mchoraji mwenyewe, na kuifungua upya kunahitaji barua ya mwenye jengo. Millicent aliwaambia majirani mmoja mmoja, mlango kwa mlango. Walimpongeza. Waliulizana kwa nini Baba Mitchelle amechora mstari mdogo hivi, au wino ulimwishia.

Aliporudi alimkuta Nabiswa akitafuta kitu chini ya kitanda. Alitoa kopo la rangi nyekundu ya mafuta, na ile brashi bapa aliyokuwa akiandikia mabucha. Millicent alimshikia kopo hadi ngazini.

Nabiswa aliandika kwa herufi zile ambazo kila mtu Tassia alijifunzia kusoma bei ya matumbo, nene, zenye kivuli upande wa kulia, na chini yake mshale:

HUU NI UFA WA KWELI. WEKA KIDOLE.

Wa kwanza kupita alikuwa Warigia, akienda Pipeline na mzigo wake wa nguo kichwani. Alisoma, akasimama. Akaweka kidole. Akakitoa, akakitazama, akakirudisha. Kisha akageuka na mzigo wake akapanda juu, na baada ya kidogo wakasikia akiburuta mtungi wa gesi.

Baada yake alikuja mwanafunzi, kisha mlinzi wa usiku aliyekuwa anarudi kulala, kisha mama wa watoto wanne. Tangazo likiwa limeandikwa vizuri, mtu halipiti. Kufikia saa nne kulikuwa na foleni. Watu walisimama kwa zamu, wakimwachia kila mmoja nafasi yake na ufa, na hakuna aliyecheka alipotoka. Kivuva alikuja kuwafukuza. Walimpisha mbele. Aliingiza kidole chake kinene nusu tu, akabaki hivyo kama mtu anayesikiliza simu, kisha akashuka chumbani kwake, na wakamwona kupitia mlango akitungua pazia.

Ilipofika Jumamosi ploti ilikuwa tupu. Millicent na Warigia walikodi mkokoteni mmoja, vitanda chini na nguo za mitumba juu, wakapata vyumba viwili vinavyotazamana upande wa Pipeline, vidogo na ghali kidogo. Mureithi alitishia kumshtaki Nabiswa kwa kumharibia biashara. Alimtuma mtu kupaka rangi tangazo lile na ufa wenyewe, na alikuwa ameshapata wapangaji wapya watatu waliolipa amana, wakisubiri mwisho wa mwezi kuingia.

Ngazi zilianguka Alhamisi saa tano mchana, wiki moja kabla ya mwisho wa mwezi, zikavuta upande wote wa kushoto. Ndani hapakuwa na mtu. Fundi wa mabomba, aliyekuwa ng'ambo ya barabara akila mahindi, alipata vumbi tu.

Wiki mbili baadaye Kivuva, ambaye sasa alikuwa keyateka mahali pengine, aliwaletea barua iliyokuwa ikiwatafuta. Ilikuwa kwenye bahasha kubwa ya kahawia yenye mhuri. Millicent aliisoma kwa sauti, Warigia akiwa amesimama mlangoni. Ilisema kwamba kufuatia uchunguzi wa kina, jengo tajwa limethibitishwa kuwa salama kwa makao ya binadamu, na kwamba mpangaji wa 4B anashauriwa kuchora vitu vinavyoeleweka.

Warigia alicheka hadi akakaa chini. Millicent alitaka kuichana. Nabiswa akamzuia mkono, akaichukua, akaigeuza. Ilikuwa karatasi nzuri, nene, ya aina ambayo hakuwahi kuimudu, na upande wa nyuma haukuwa na neno hata moja.

"Mama Mitchelle," akasema, "kuna mshumaa?"

Millicent akampa. Kisha akatia chai vikombe vitatu, akakaa, akamwambia kwamba ile picha ya Agosti ilimpozea chai moja nzima, na kwamba alikosea kutomwambia.